Kichwa Kimoja, Makaburi Mawili

Katika nchi yetu ni kosa kuwa na kichwa ambacho Serikali haijakielewa. Nasema hivi bila kulaumu, maana Serikali ilijitahidi sana kutuelewa. Kabla ya kuanzishwa Wizara ya Nywele na Utulivu watu waliishi ovyo tu. Mtu aliamka, akachana nywele au asichane, akaenda zake kazini, na hakuna aliyejua yeye ni nani.

Aliyetutoa katika hali ile ni Waziri, Dakta Mlingoti, ambaye alikaa ng'ambo muda mrefu hata akarudi na miwani. Alitueleza redioni kwamba nywele za wananchi ni za aina nne. Kuna singa, ambazo hulala zimenyooka. Kuna mawimbi, ambazo hupinda kidogo kisha zikajutia. Kuna pete, ambazo hujiviringa kama zimezungushwa kwenye kidole. Na kuna kipilipili, ambazo hujikunja zenyewe kwa zenyewe. Ukizivuta hurefuka, ukiziachia hurudi.

"Nywele inayorudi ilikotoka," alisema Waziri, "ina jambo inalolificha."

Basi kila raia akapewa kitambulisho chenye aina yake moja. Wa singa walitengewa ofisi, wa mawimbi maduka, wa pete masoko, na wa kipilipili barabara za kuchimba. Hata makaburi yaligawanywa. Makaburi ya Singa yana nyasi na bomba la maji. Ya Mawimbi yana ukuta. Ya Pete yana lango. Ya Kipilipili yana fisi. Ilikuwa bahati mbaya tu kwamba katika nchi nzima hakupatikana mtu wa singa hata mmoja, hivyo kwenye makaburi yale mazuri hakuzikwa yeyote ila farasi wa Waziri.

Mkuu wa Nchi mwenyewe hakuwa na nywele. Zilimtoka zote katika homa alipokuwa kijana, na hazikurudi. Ili asionekane yuko nje ya sheria, sheria iliongezewa kifungu chake: kichwa kisicho na nywele ni Kichwa cha Taifa, na kitazikwa kwenye Makaburi ya Taifa kwa mizinga. Tukamwita Mng'aro wa Taifa. Na raia aliye hai akinyoa kichwa chake, alihesabiwa amempindua Mkuu, na adhabu ya kupindua ni risasi.

*

Kifungu hicho kilikuwa kizuri, ila kilisahau kwamba kwetu mtu akifiwa hunyoa.

Katika Mtaa wa Mabati alikufa fundi seremala kwa ugonjwa wa tumbo, kifo cha kawaida kabisa. Wanawe wakanyoa vichwa kumwomboleza, wakakaa barazani. Askari walikuja na marungu, wakawavunja mikono kwanza ili wasiweze kunyoa tena, kisha wakawapiga risasi. Wake zao wakanyoa kuwaomboleza. Askari wakarudi. Ndugu za wale wake wakaja matangani, wakanyoa. Askari hawakuona haja ya kuondoka tena; wakapiga hema mwisho wa mtaa na kupika hapo hapo. Mtaa uliisha hivyo, nyumba hadi nyumba, kila mmoja akimlilia aliyemtangulia, bila fujo na bila kusukumana. Waziri aliwasifu redioni kwa kushika mila. Nyumba zao wakapewa wapimaji wa nywele, ambao walikuwa na shida ya makazi.

Tangu hapo tulifiwa huku nywele zetu ziko kichwani. Ukikutana na mtu njiani hukujua kama ana msiba au hana. Waziri alisema hiyo ni dalili kwamba vifo vimepungua.

*

Mwanangu aliitwa Nyamizi.

Kila Jumamosi mchana alikaa chini mbele yangu, mgongo wake katikati ya magoti yangu, nami nikamchana. Mbele nywele zake zilikuwa pete, laini, zimeiva rangi ya kutu kwa jua la sokoni. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na pete tatu zilizozunguka kinyume na nyingine zote, na hazikukubali kurekebishwa. Nyuma, kisogoni, zilikuwa kipilipili tupu, nzito, zimeshikana. Mbele kitana kilipita. Nyuma ilikuwa maji kwanza, kisha mafuta ya nazi, kisha vidole, na kitana mwisho, kuanzia nchani.

"Mama, huko nyuma unachana au unalima?"

"Tulia. Masika yamekaribia, nipande mahindi."

"Basi tia na mbolea, nahisi ukame."

Nami nikamwongezea mafuta. Vichwa vingi viko hivyo, ukivishika. Sijapata kushika kichwa ambacho mbele na nyuma vinafanana. Lakini sheria haikuandikwa na mtu aliyeshika kichwa, na kitambulisho cha Nyamizi kilisema Pete, kwa sababu mpimaji aling'oa unywele wa kwenye paji la uso, akaenda kula.

*

Asubuhi ile alitoka na beseni la vitumbua kwenda sokoni. Yaliyompata nilielezwa na Koplo Kihongole, askari wa kizuizi cha njia ya sokoni, aliyekuja kwangu mwenyewe kutoa taarifa kwa upole, bunduki ikiwa imelala mapajani pake.

Kizuizini, alisema, askari husimama wawili. Wa mbele hung'oa unywele wa mbele kwa koleo na kuulinganisha na Ubao wa Mistari Minne, mstari mmoja kwa kila aina. Wa nyuma hukaa tu. Lakini Koplo Kihongole, ambaye ndiye alikuwa wa nyuma, alikuwa na moyo wa kazi. Nyamizi aliporudi na beseni tupu, Koplo alichukua koleo lake akang'oa kisogoni bila kuagizwa na mtu.

"Nikaweka kwenye ubao, mama. Kipilipili! Na kitambulisho kinasema Pete. Nikamuuliza kistaarabu kabisa: mko wangapi humo kichwani?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Niko mmoja, afande.' Nikamwambia usinifanye mjinga, nina nywele mbili mkononi. Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, mama. Akasema, 'Afande, mwite mkeo nimchane, utamkuta naye ni wawili.' Wenzangu wakaangua kicheko. Sasa hapo mimi ningefanyaje? Ilikuwa dhahiri kuna mmoja mbele, mwenye kitambulisho halali, na mwingine nyuma amejificha, hana kitambulisho. Nikamlenga yule wa nyuma."

Alinieleza kwamba risasi iliingia kisogoni ikatokea shavuni, na kwamba kwa umbali ule, na Nyamizi akiwa ameshaanza kukimbia, si kila askari angeweza. Beseni lilibingirika mpaka mtaroni. Walimpiga marungu kidogo baada ya hapo, ili kuhakikisha yule wa nyuma hatoki.

"Pole sana kwa yule wa mbele," alisema Koplo, akisimama. "Ilibaki kidogo tu tumkose."

Jioni Serikali ikaniletea barua mbili katika bahasha moja. Ya kwanza ilikuwa rambirambi kwa kufiwa na Nyamizi wa mbele, raia mwema. Ya pili ilikuwa onyo kali kwa kumhifadhi Nyamizi wa nyuma, adui wa nchi.

*

Kesho yake alikuja Bwana Magambo, Ofisa wa Migawanyo. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na alivua viatu mlangoni. Kwapani alikuwa na msumeno uliofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, tumeshapoa."

"Nimekuja kwa lile suala la mazishi. Marehemu ni wawili kisheria. Wa mbele anakwenda Makaburi ya Pete, na kule mtapata lango. Wa nyuma anakwenda kwa Kipilipili, shimo la maadui." Akapitisha kidole hewani taratibu, kutoka sikio lake moja hadi la pili, akipitia utosini. "Ni hapa tu. Kiwiliwili kitafuata mbele, hilo Serikali imewapendelea."

Ndani alikuwa Bi Mwanaheri, mwosha maiti wa mtaa wetu, mwanamke aliyeosha wengi mwaka ule hata mikono yake ikawa myeupe kwa maji. Alichungulia pazia.

"Wewe Magambo! Si wewe mama yako nilimwosha mimi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Nilimwosha mzima, miguu na kichwa chake. Leo unaniletea msumeno?"

"Bibi, ningekuwa na uwezo ningeleta hata maua. Hivi nimepewa msumeno." Akatazama chini. "Tena hauna meno mazuri. Nawaomba jiwe la kunolea, kama lipo."

Bi Mwanaheri akamtupia jiwe, likamgonga goti, akasema asante. Akaketi barazani kunoa. Tuliisikia sauti ile tukiwa ndani, huku tunamwagia mwanangu maji.

Nilikuwa nataka jambo moja tu. Nilitaka azikwe mzima, mahali pamoja, nijue nikisimama pale kwamba yeye wote yuko hapo. Kwetu mwanamke akifa husukwa mashungi matatu, akalazwa na nywele zake. Na aliyefiwa ndiye hunyoa. Mimi nilishika kitana, Bi Mwanaheri akashika wembe aliouficha tangu kifungu kile kilipopita, akiwa ameahidi kuninyoa kwa siri na kunifunga kilemba, hata kama tungekufa wote.

Nje msumeno ulinyamaza. Bwana Magambo akakohoa. "Mama, niko tayari."

Ndipo nikamwambia Bi Mwanaheri, "Usininyoe mimi. Mnyoe yeye."

"Umerukwa na akili? Maiti hanyolewi!"

"Kifungu kinamkataza aliye hai. Huyu walishamtoa katika hao."

Alinitazama. Kisha akaulowesha wembe. Tulinyoa kwa haraka, mbele na nyuma pamoja, na pale risasi ilipopita tulinyoa kidole kikiongoza wembe. Nywele zikaanguka kwenye kanga yangu, zile laini na zile nzito, zikachanganyika.

Bwana Magambo alipoingia na msumeno wake, alisimama kama aliyepigwa kofi. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya nazi. Akatoa kitabu cha sheria mfukoni, akasoma huku midomo ikitembea. Akasoma tena. Kisha akaweka msumeno sakafuni, akabana visigino vyake vitupu, akapiga saluti.

"Kichwa cha Taifa," alisema. Na nadhani alikuwa na furaha, maana msumeno ule kwa kweli haukuwa mzuri.

Nywele alizichukua na kanga yangu. Chochote kilichotoka kwenye Kichwa cha Taifa ni mali ya hazina.

*

Mwanangu alizikwa Makaburi ya Taifa, hatua chache kutoka kaburi la marumaru ambalo Mkuu alijijengea mapema. Mzima. Mizinga ilipigwa, na baada ya mizinga kikosi cha bunduki kilifyatua hewani. Koplo Kihongole alikuwa wa kwanza upande wa kulia. Mkono wake haukutetemeka, kama vile haukutetemeka mara ile nyingine. Nami nikapewa cheo cha Mama wa Kichwa cha Taifa, na kiti cha mstari wa mbele katika sherehe zote.

Msiba ule haukukaa wa peke yangu. Wembe wa Bi Mwanaheri ulizunguka. Kila aliyeuawa na askari aliletwa makaburini amenyolewa, na sheria ikawa haina la kusema ila kupiga mizinga. Wachimba barabara, wauza mkaa, mwizi wa mbuzi aliyepigwa marungu mpaka akapoteza umbo, wote walilazwa pale kwa heshima. Askari waliua asubuhi, wakasafisha bunduki, mchana wakawapigia saluti waliowaua. Baruti ikaanza kupungua.

Siku moja Mkuu alikwenda kuangalia marumaru yake akakuta yamezungukwa. Inasemekana alisimama akauliza, "Hawa wote ni mimi?" Wasaidizi wakajibu kwamba kisheria, ndiyo, Mheshimiwa. Aliwapiga kwa fimbo yake mpaka ikavunjika, kisha akaendelea kwa kile kipande kilichobaki.

Dakta Mlingoti ndiye aliyeleta ufumbuzi. Kifungu kilifutwa, na kikatangazwa kipya: Mkuu wa Nchi ana nywele, na amekuwa nazo tangu kuzaliwa. Waliokumbuka upara walipigwa nyayoni mpaka wakakumbuka vizuri zaidi. Na atakayesema nywele za Mkuu si zake, atanyongwa.

Zikabaki nywele zenyewe. Kwanza walimfukua farasi wa Waziri wakajaribu mkia wake, kwa kuwa ndiye alikuwa singa peke yake nchini. Ilinyesha mvua, Mkuu akanuka zizi mbele ya mabalozi. Basi wakafungua hazina, wakatafuta zilizo ndefu na nzuri kuliko zote, na fundi wa Wizara akazishona kwenye kofia ya wavu kama alivyozikuta: za mbele mbele, za nyuma nyuma.

*

Sherehe ya kuzionyesha ilifanyika uwanjani mchana wa jua kali. Nilikaa kwenye kiti changu cha mstari wa mbele, Bi Mwanaheri akiwa kando yangu. Ili raia waone kwamba sheria haimwogopi mtu, Mkuu angepita kizuizini kama sisi, na nywele zake zingepimwa hadharani.

Alipoteremka garini, nilianza kumtazama kama wengine. Kisha nikaziona. Rangi ya kutu. Na juu ya sikio la kushoto, pete tatu zinazunguka kinyume.

Bi Mwanaheri alinikamata mkono. "Mama Nyamizi, usisimame. Nakuomba, usisimame."

Sikusimama.

Askari wa mbele alichukua koleo la fedha, akang'oa unywele mmoja, akauweka kwenye ubao. "Pete!" Bendi ikapiga. Waziri akashika kipaza sauti akaeleza kwamba Pete ndiyo aina iliyo juu ya zote, na kwamba hata Singa, ukiitazama kwa makini, inatamani kuwa Pete. Mkuu akapunga mkono, akapiga hatua mbele.

Lakini askari wa nyuma alikuwa Koplo Kihongole. Alipandishwa cheo akapewa nafasi ile kwa sababu ya kazi nzuri, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba siku hiyo akae tu. Alinyoosha koleo lake akang'oa kisogoni. Akaweka kwenye ubao. Akatazama. Akafuta jasho, akatazama tena.

"Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti kikaidaka sauti yake, "mko wangapi humo kichwani?"

Mkuu aligeuka. Angeweza kuivua kofia ile na kuonyesha upara wake, lakini kusema nywele zile si zake ni kunyongwa, na saini ilikuwa ya kwake.

"Niko mmoja," alisema Mkuu. Nikamwona anaogopa. Nilidhani ningefurahi.

Koplo alimgeukia Waziri. Waziri alivua miwani, akaanza kuifuta polepole kwa tai yake, kama mtu ambaye bila miwani hasikii. Koplo akatutazama sisi wa mstari wa mbele, uso wake ukiomba mtu yeyote amsaidie.

"Wako wawili," nikasema. "Mmoja ni mwanangu."

Nilisema kweli, kama tulivyofundishwa. Koplo akashukuru kwa kutikisa kichwa, akainua bunduki, akamlenga yule wa nyuma.

Kulikuwa na vurugu baada ya hapo. Walinzi walimmiminia Koplo risasi mpaka akalegea kama gunia, wengine wakawamiminia walinzi, na watu waliokuwa wakikimbia wakapigwa kwa kukimbia na waliolala wakakanyagwa kwa kulala. Bi Mwanaheri alinilalia juu. Nilipomsukuma ili niinuke, hakuinuka. Nilimwosha mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na ndugu, sikujua nimpelekee nani rambirambi.

*

Mkuu alikuwa wa aina mbili kisheria, na si wa upara tena. Marumaru hayakumhusu. Bwana Magambo aliitwa. Alinitumia mtu nifike, kwa kuwa nywele zinanasa meno ya msumeno na alihitaji mtu mwenye mkono uliozoea nywele.

Sikuhitaji wembe. Nilizivua tu, kama unavyomvua mtoto kofia anapoingia ndani. Bwana Magambo aligeukia ukutani mpaka nilipomaliza. Kisha akafanya kazi yake, kutoka sikio hadi sikio. Nusu moja ilipata lango. Nusu nyingine ilipelekwa kwa fisi, ambao hawajawahi kuuliza aina.

Nilikwenda Makaburi ya Taifa mchana, walinzi wakiwa wamekimbia. Nilikaa chini nikazitoa nywele kwenye ule wavu, nikazilowesha maji, nikazitia mafuta, vidole kwanza, kitana mwisho. Nikasuka mashungi matatu. Sikuwa na jembe. Nilichimba kwa mikono, nikazilaza karibu na kichwa chake, nikafukia.

Dakta Mlingoti sasa ndiye Mkuu wa Nchi. Ametangaza redioni kwamba suala la nywele lilikuwa kosa la utawala uliopita, ambao yeye alikuwa akiupinga moyoni. Wizara imebadilishwa jina. Kunyoa si kosa tena. Nilipolisikia hilo nilitoa kiti mlangoni pangu, nikakaa juani, nikanyoa kichwa changu chote, watu wakiona. Niliwaomboleza wawili wangu, Nyamizi na Bi Mwanaheri. Upepo ulikuwa baridi masikioni.

Nilikuwa bado sijaingia ndani alipopita askari, kijana mwenye sare mpya, amebeba ubao mpya. Hakukitazama kichwa changu kabisa.

"Mama, onyesha kucha."

Nikamwonyesha. Zilikuwa bado na udongo wa kaburi. Alitazama kucha, akatazama ubao, akashuka mstari kwa mstari mpaka mwisho, hakukuta mstari wa udongo. Akaniambia nisiondoke hapo, akaenda kumwita mkubwa wake.